Malengelenge ya Mdomo: Tusihukumu Midomo, Tuhesabu Masaa



Katika toleo hili tumechagua jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona kisimani lakini haliandikwi kwenye ajenda ya mkutano. Ni malengelenge yanayotokea kwenye midomo, pamoja na hatari ya magonjwa ya zinaa kwa mtu aliyekutana kimwili na mwingine siku chache zilizopita. Mambo haya mawili watu huyafunga kamba moja. Sisi tunataka kuyafungua, kila moja lisimame peke yake, halafu tuonyeshe mahali yanapogusana.

MAKOSA MAWILI YANAYOUMIZA WATU

Kosa la kwanza ni kuuona mdomo na kuhukumu. Lengelenge likimtokea mtoto mdogo, tunasema ni homa. Likimtokea msichana wa sekondari, mama aliyeolewa, au kijana aliyerudi juzi kutoka mjini, maneno hugeuka. "Huyo ametembea nje." "Huyo ana ule ugonjwa." Kikombe chake kinawekwa kando, na zamu yake ya kupika siku ya mkutano inapewa mwingine. Kuna wamama waliopigwa na waume zao kwa ajili ya kidonda kidogo kuliko punje ya mahindi.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na halisemwi. Tuseme mtu amekutana kimwili na mwingine ambaye hajui hali yake. Anajitazama kwenye kioo siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mdomo ni safi, hana upele, mwili hauumi. Basi anashukuru na kulala. Kumbe muda aliokuwa nao wa kujikinga na virusi vya ukimwi umekwisha akijitazama kioo.

Kwa hiyo, ndugu na dada, mdomo unaweza kumshtaki asiye na kosa na kumtuliza aliye hatarini. Hebu tuone kwa nini.

MALENGELENGE YA MDOMO NI NINI?

Ni ugonjwa unaoletwa na virusi viitwavyo hepesi. Viko vya aina mbili. Aina ya kwanza hukaa zaidi mdomoni. Aina ya pili hukaa zaidi sehemu za siri, na hiyo huenea kwa kujamiiana.

Aina ya kwanza imeenea mno. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu watu wawili kati ya kila watatu walio chini ya miaka 50 duniani wanayo. Chukua kikundi cha watu 30. Kwa hesabu hiyo, watu kama 20 waliokaa kwenye mkutano wanavyo virusi hivi, na wengi wao hawajui, kwa sababu havijawahi kuwasumbua. Wengi waliambukizwa wakiwa watoto: walibusiwa na nyanya, walilishwa chakula kilichotafunwa na mama, au walicheza na watoto wenzao wenye mate mdomoni.

Vikishaingia mwilini haviondoki. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu na kulala huko miezi au miaka, kama mbegu ya magugu ardhini inayongoja mvua. Mambo yanayoviamsha ni haya:

- Homa ya malaria, mafua au ugonjwa mwingine.
- Jua kali kwenye midomo.
- Uchovu na kukosa usingizi.
- Mawazo mengi.
- Siku za mwezi kwa baadhi ya wanawake.
- Mdomo kuumia au kupasuka.

Mama aliyelima juani wiki nzima, akashikwa na malaria, na usiku anawaza karo ya watoto, ana sababu tatu za kutokwa na malengelenge. Hakuna hata moja iliyo dhambi.

Kwa kawaida mambo huenda hivi: kwanza mdomo huwasha au kuchoma, kabla ya kuonekana chochote. Baada ya siku moja hivi hutokea malengelenge madogo yaliyokusanyika pamoja, yenye maji. Hupasuka, hufanya gaga, na kupona yenyewe kwa siku 7 hadi 10, mara nyingine wiki mbili. Baadaye yanaweza kurudi mahali palepale.

YANAAMBUKIZWAJE?

Kwa mate na kwa ngozi kugusa ngozi, hasa kubusu. Hatari ni kubwa zaidi malengelenge yakiwa mabichi na yenye maji, ingawa mara nyingine virusi hutoka hata mtu akiwa hana kidonda.

Je, kikombe? Virusi hivi havidumu sana nje ya mwili, kwa hivyo kikombe si hatari kama busu. Hata hivyo ni adabu nzuri, kidonda kikiwa kibichi, mtu asishiriki kikombe, kijiko, kata ya maji, mrija wa kunywea wala taulo. Kikombe kilichooshwa vizuri kwa sabuni na maji hakina neno. Hakuna sababu ya kuweka alama kwenye kikombe cha mwenzako. Katika makanisa yanayotumia kikombe kimoja cha Meza ya Bwana, mwenye kidonda kibichi azungumze kimya kimya na mchungaji wake kabla ya ibada. Ni jambo la wiki moja au mbili, lisiwe la kumwaibisha mtu.

Tukumbushane pia: virusi vya ukimwi haviambukizwi kwa kikombe, kijiko, mate wala kusalimiana kwa mkono.

SI KILA KIDONDA CHA MDOMO NI MALENGELENGE

- Mipasuko kwenye pembe za mdomo: mara nyingi ni fangasi au upungufu wa vitamini na madini mwilini.
- Vidonda vidogo vyeupe ndani ya shavu au chini ya ulimi, vinavyouma ukila pilipili au ndimu: hivi haviambukizi.
- Utando mweupe kwenye ulimi na mashavu: ni fangasi. Kwa mtu mzima asiyetumia dawa za muda mrefu, aende apimwe, maana unaweza kuonyesha kinga ya mwili imepungua.
- Kidonda kimoja, kigumu pembeni, kisichouma: kinaweza kuwa kaswende, hata kikiwa mdomoni. Kwa kuwa hakiumi, watu hukidharau. Hupona chenyewe baada ya wiki kadhaa, lakini ugonjwa unabaki ndani ya mwili. Kaswende hutibika kwa sindano ya penisilini.
- Malengelenge yasiyopona kwa mwezi mzima, au yanayoenea sana: nenda kliniki upimwe, pamoja na kipimo cha virusi vya ukimwi.

MAHALI MDOMO NA SEHEMU ZA SIRI ZINAPOGUSANA

Hapa tutasema wazi. Mtu mwenye malengelenge ya mdomo akiweka mdomo wake kwenye sehemu za siri za mwenzake, anaweza kumwambukiza huko chini. Ndiyo maana siku hizi aina ya kwanza hupatikana pia sehemu za siri. Kisonono na kaswende nazo hupita kwa njia hiyo. Virusi vya ukimwi ni vigumu kupita kwa mdomo, lakini si kwamba haiwezekani kabisa, hasa kukiwa na vidonda au damu.

Malengelenge ya sehemu za siri yanapotoka mara ya kwanza, kwa kawaida ni siku 2 hadi 12 baada ya kuambukizwa. Mtu huona malengelenge au vidonda vinavyouma sana, mkojo unachoma, mitoki inavimba, na homa yaweza kupanda. Wengine hawaoni kitu chochote. Vidonda hivi ni mlango: mtu mwenye hepesi ya aina ya pili yuko katika hatari kama mara tatu zaidi ya kuambukizwa virusi vya ukimwi akikutana navyo.

Sasa tulijibu swali linalovunja nyumba nyingi: "Ameyapata wapi?" Malengelenge, ya mdomoni au ya chini, hayawezi kulijibu. Virusi vinaweza kulala miaka mingi kabla ya kujitokeza mara ya kwanza. Mtu anaweza kuwa alivipata kabla hajakutana na mwenzi wake wa sasa, na asijue. Hata kipimo cha damu hakisemi viliingia mwaka gani wala vililetwa na nani. Na kwa kuwa huchukua angalau siku mbili hivi kujitokeza, kidonda kinachoonekana asubuhi baada ya usiku mmoja hakikutokana na usiku huo. Mume au mke asishike fimbo kwa ushahidi wa namna hii.

UMEKUTANA KIMWILI HIVI KARIBUNI? HESABU MASAA

Msimamo wa kanisa ni uaminifu katika ndoa na kungoja kabla ya ndoa. Hatuubadilishi hapa. Lakini aliyeanguka ni mtu wetu bado, na mwili wake hauwezi kungoja mpaka tumalize kumhubiria. Wengine hawakuanguka: walilazimishwa, au ni waaminifu na wenzi wao ndio waliotembea nje.

Kila ugonjwa una saa yake. Kata ukurasa huu uuweke.

Ndani ya masaa 72. Kuna dawa za kuzuia virusi vya ukimwi visishike mwilini baada ya hatari. Wauguzi huziita PEP. Ni lazima zianzwe kabla masaa 72 hayajaisha, yaani siku 3, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake. Kuanza leo ni bora kuliko kesho. Kwanza muuguzi atakupima kuhakikisha huna virusi tayari. Kisha utameza dawa kila siku kwa siku 28 bila kuruka. Usisubiri dalili: katika siku hizo tatu virusi vya ukimwi havina dalili yoyote. Hospitali za serikali na vituo vingi vya afya huzitoa. Ukifika, sema tu, "Nimekuja kwa ajili ya PEP." Huna deni la kueleza zaidi mlangoni.

Ndani ya siku 5. Swali la mimba nalo lina saa zake. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hufanya kazi ndani ya siku 5, na mapema ni bora. Muulize muuguzi siku hiyohiyo.

Siku 2 hadi 7. Kisonono kwa mwanamume mara nyingi hujitokeza wakati huu: usaha na maumivu ya kukojoa. Wanawake wengi hawaoni dalili, na ugonjwa ukiachwa unaweza kuharibu uzazi. Klamidia nayo mara nyingi hujificha. Yote mawili hutibika.

Siku 2 hadi 12. Malengelenge ya hepesi, kama tulivyoeleza.

Wiki 2 hadi 4. Baadhi ya walioambukizwa virusi vya ukimwi hupata homa, koo kuuma, tezi kuvimba na upele. Hufanana na malaria au mafua, kisha hupotea. Wengine hawapati kitu.

Kama wiki 3. Ndipo kidonda cha kaswende hutokea mara nyingi, ingawa chaweza kuonekana kuanzia siku ya 10 hadi ya 90.

Miezi 3. Kipimo cha damu cha virusi vya ukimwi kirudiwe wakati huu ili jibu liwe la kuaminika. Jibu la wiki ya kwanza linasema habari za zamani, si za juzi. Hata vipimo vya kujipima nyumbani, ambavyo serikali ya Kenya ilizindua mwaka 2017, vinahitaji kungoja vivyo hivyo. Ukivitumia ukaonyesha una virusi, nenda kliniki ukahakikishe.

Mwaka huohuo wa 2017 Kenya ilizindua pia dawa ya PrEP. Hii hutumiwa kabla ya hatari, na watu wasio na virusi lakini wanaokutana na hatari mara kwa mara. Mama anayejua mume wake ana wapenzi wengine anaweza kuiulizia kliniki bila kuomba ruhusa ya mtu.

Na tuseme habari njema. Mtu anayeishi na virusi, akimeza dawa zake vizuri mpaka vipimo visivione virusi kwenye damu yake, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Kwa hivyo tusimwogope aliyepima na anayemeza dawa. Hatari iko zaidi kwa asiyejua hali yake.

Tusichanganye dawa: PEP haitibu malengelenge, wala haizuii kaswende au kisonono. Dawa za viuavijasumu zinazotibu kisonono haziui virusi vya hepesi. Kununua vidonge viwili vya rangi kwenye kemisti na kumeza gizani si matibabu. Na kondomu, ikitumiwa vizuri kila mara, hupunguza sana hatari ya virusi vya ukimwi. Kwa hepesi husaidia pia, lakini si kinga kamili, kwa sababu virusi hutoka hata kwenye ngozi isiyofunikwa.

KWA ALIYEBAKWA

Aende hospitali mara moja, kabla ya kuoga kama inawezekana. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye karatasi au bahasha, si kwenye mfuko wa plastiki. Matibabu hayangoji ripoti ya polisi: kwanza dawa, ripoti itafuata. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 inatambua haki ya aliyedhulumiwa kutibiwa bila malipo katika hospitali ya umma. Mtoto akidhulumiwa, wazee wasikae kujadili mbuzi na faini huku masaa 72 yakipita.

KUJITUNZA NYUMBANI

Kwa malengelenge ya mdomo:

- Nawa mikono kwa sabuni kila ukigusa kidonda. Usiguse macho kabla ya kunawa, maana hepesi ikiingia jichoni yaweza kupofusha.
- Usitumbue wala kubandua gaga.
- Paka mafuta laini ya kujipaka kwa kidole safi, ili mdomo usipasuke. Usipake mafuta ya taa, majivu wala dawa ya meno.
- Vaa kofia au ujifunge leso ukienda shambani, jua lisichome midomo.
- Dawa iitwayo asikloviri husaidia zaidi ikianzwa mapema, mdomo unapoanza kuwasha. Haing'oi virusi, hufupisha tu siku za kuugua. Muulize mhudumu wa afya kipimo chake.
- Usimbusu mtu, wala usitumie mdomo katika mapenzi, mpaka kidonda kipone kabisa.

Mtoto mdogo akipata ugonjwa huu mara ya kwanza anaweza kuwa na homa, fizi nyekundu na vidonda mdomoni, akakataa kula. Mpe maji, uji uliopoa na maziwa kidogo kidogo. Akikataa hata kunywa, mpeleke zahanati.

Mtoto mchanga ni jambo jingine. Kwake hepesi ni nadra, lakini inaweza kuua. Mwenye kidonda mdomoni asimbusu mtoto wa wiki za kwanza, hata awe ni nyanya aliyesafiri kutoka mbali kuja kumwona. Mama mjamzito aliyewahi kuwa na malengelenge sehemu za siri, au yakamtokea mara ya kwanza miezi ya mwisho ya mimba, amwambie muuguzi wa kliniki mapema ili uzazi upangwe vizuri.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Tunajua kinachopoteza masaa 72 vijijini. Ni nauli, ni aibu, na ni kutojua mlango wa kubisha. Yote matatu kikundi kinaweza kuyashughulikia.

1. Mtumeni mtu mmoja aulize ni kituo gani cha karibu kinachotoa PEP, na kama kinatoa usiku na Jumapili. Andikeni jibu kwenye daftari la kikundi, kila mwanachama alijue.

2. Tengeni fungu dogo la dharura ya hospitali kutoka kwenye mchango wenu wa mzunguko, litoshe nauli ya bodaboda au matatu kwenda na kurudi. Mweka hazina alitoe siku hiyohiyo, bila kuuliza ni ugonjwa gani. Kwenye kitabu liandikwe tu "nauli ya hospitali".

3. Chagueni watu wawili, mwanamke na mwanamume, wanaojua kufunga mdomo. Mwenye shida awaendee hao. Siri ikitoka mara moja tu, hakuna atakayekuja tena.

4. Mwalikeni mhudumu wa afya wa jamii aje aeleze mambo haya, vijana wakiwepo.

5. Kubalianeni kwamba kidonda cha mdomo hakimwondoi mtu kwenye zamu wala kwenye kamati. Akae na kikombe chake wiki hiyo, basi.

MASWALI YA KUJADILI

- Hapa kwetu watu husema nini wakiona malengelenge kwenye mdomo wa mwanamke? Na wa mwanamume? Kwa nini maneno hayafanani?
- Ikiwa binti yako amepatwa na hatari Ijumaa usiku, masaa 72 yanaisha Jumatatu usiku. Atamwambia nani? Atafikaje hospitali?
- Je, mwenzi wako akikuambia, "Twende tupimwe," utasikia anakushtaki au anakupenda?

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi tunaongeza: asiyeficha anahitaji mtu wa kumsikiliza bila kumtazama mdomo. Jadilini, na mkipata jibu la swali la pili, anzeni nalo wiki hiihii.